Zana na Fundi katika Nchi ya Mara: Historia ya Karakana ya Nyumbani

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake yajulikana: mtu apotezaye asubuhi akigeuza-geuza majembe, huyu akalitia ila na yule akalisifu, amekwisha kuonyesha kwamba hana nia ya kulima. Methali hii ni ya kweli kwa mkulima, maana jembe analotumia limekwisha kuchaguliwa na mtu mwingine kabla halijafika mkononi mwake. Mhunzi ndiye aliyekichagua chuma chake, akakiangalia rangi yake motoni, akaamua unene wa bapa na urefu wa msuka. Kwa hiyo methali yamkataza mkulima kufanya kazi ya mhunzi, wala haisemi neno lo lote juu ya mhunzi mwenyewe. Je, yeye naye asichague?

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi mafundi wa nchi iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, baina ya Musoma, Bunda na Butiama, walivyopata na walivyochagua zana za karakana zao za nyumbani, tangu wakati wa wahunzi wa zamani mpaka leo. Kuchagua zana huonekana kuwa jambo dogo: mtu huenda dukani na fedha zake, akatazama, akalipa. Lakini ili mtu achague sawasawa, sharti mambo mawili yawe yamekwisha kutimia: awe na haki ya kuishika zana ile, na awe na ujuzi wa kuitambua iliyo njema. Historia ya Mara yaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakukaa pamoja sikuzote. Zamani ujuzi na zana vilirithiwa pamoja katika mbari moja. Baadaye shule ikatoa ujuzi bila zana, na duka likatoa zana bila ujuzi. Utengano huo ndio shida kubwa ya fundi wa kijijini, na hauwezi kufahamika vema bila kuyatazama yaliyoutangulia.

USHAHIDI WA MANENO

Majina ya zana yenyewe hutoa ushahidi wa kwanza. Zana kuu za mhunzi zina majina ya asili ya Kibantu. Nyundo ni neno lenye ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Mvukuto latokana na kitenzi vukuta. Fuawe lina kitenzi fua ndani yake. Lakini mtu akiingia katika karakana ya seremala husikia maneno ya nchi nyingi. Randa limetoka Uajemi na Bara Hindi. Parafujo ni la Kireno. Lehemu ni la Kiarabu. Spana ni la Kiingereza. Hata karakana lenyewe ni maneno mawili ya Kiajemi yaliyoungana, moja lenye maana ya kazi na jingine lenye maana ya nyumba. Maneno hayo yalifika pwani kwa majahazi na meli pamoja na vitu vyenyewe, kisha yakapanda bara mikononi mwa mafundi.

Neno samani nalo lastahili kuangaliwa. Leo mtu akisema kwamba ananunua samani, wasikilizaji hufahamu kuwa anataka viti, meza, kabati au kitanda. Katika kamusi za zamani samani ni vyombo vya kazi pia, hata samani za seremala zaweza kuwa msumeno wake, randa yake na patasi zake. Neno limehama kutoka kwa kile kinachotengeneza na kubaki na kile kilichotengenezwa. Hili ni badiliko la neno moja tu, lakini lafanana na jambo lililotokea katika maisha, kama itakavyoonekana hapo mbele.

Katika lugha za Mara mhunzi huitwa kwa shina la -turi, na watu wa mbari za wahunzi kwa Kiswahili cha huko huitwa Waturi. Shina hilo lapatikana pia mbali upande wa mashariki, kwa Wakikuyu, wasemao muturi. Bali ng'ambo ya magharibi ya Ziwa, Waganda husema omuweesi. Basi wahunzi wa Mara walishiriki jina na wahunzi wa mashariki, ijapokuwa majembe na vipande vya chuma vilivyoingia katika nchi zilizozunguka Ziwa vilitoka sana upande wa kusini na magharibi. Jina lilikuwa la upande mmoja, na chuma cha upande mwingine. Mtafiti wa lugha asiyejua njia za biashara aweza kupotea hapo, na mtafiti wa biashara asiyejua lugha vilevile.

KARAKANA YA MTURI

Elimu ya chuma ni ya kale sana katika nchi za Ziwa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao wa tanuri za Buhaya, magharibi ya Ziwa, wakaonyesha kwamba wayeyushaji wa huko walijua kupata pua, yaani chuma kigumu kishikacho makali, tangu zamani za miaka elfu na mia kadhaa iliyopita. Kusini, katika nchi ya Uzinza, Warongo walisifiwa kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyosafiri mbali sana. Kaskazini, wahunzi wa Samia, penye mpaka wa Kenya na Uganda wa leo, waliwapa Wajaluo majembe yao. Nchi ya Mara ilikuwa katikati ya masoko hayo. Jembe lilikuwa chombo cha shamba, na pia mali ya kuwekwa na ya kubadilishana.

Katika nchi ya Wazanaki, ambayo Butiama imo ndani yake, kazi ya chuma ilikuwa ya Waturi. Otto Bischofberger, ambaye kitabu chake juu ya rika za Wazanaki kilitoka mwaka 1972, aliwaeleza kama watu waliotengwa na wenzao hasa katika mambo ya ndoa. Jan Bender Shetler naye, aliyekusanya simulizi za watu wa Serengeti ya magharibi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 2007, aonyesha jinsi wahunzi hao walivyochanganyiwa heshima na hofu, na jinsi wake zao walivyokuwa wafinyanzi. Hivyo nyumba moja ilimiliki moto wa namna mbili: moto wa chuma na moto wa vyungu. Jirani asiye Mturi alivihitaji vyote viwili, wala hakuthubutu kushika hata kimoja.

Karakana ya mhunzi ilikuwa nyumbani kwake au karibu na nyumba yake. Kama ilivyokuwa kwa wahunzi wengi wa Afrika ya Mashariki, vyombo vyake vilikuwa vichache: jiwe kubwa la kufulia, jiwe la kushika mkononi la kupondea chuma kikiwa bado kizito, nyundo ya chuma ya kumalizia, koleo, mvukuto wa ngozi wenye mdomo wa udongo, chombo cha maji, na makaa ya mti mgumu. Kwa vyombo hivyo alifua majembe, mishale, mikuki, visu, nyembe na njuga. Mwindaji wa Ikoma, mfugaji wa Ukuria na mkulima wa Majita, kila mmoja aliishi kwa kazi ya watu wa namna hiyo.

Hapo ndipo swali la kuchagua linapoonekana kwa sura yake ya kwanza. Mhunzi hakuchagua kuwa na mvukuto, maana mvukuto ulikuwa wa baba yake, na kabla yake wa babu yake. Lakini ndani ya urithi huo alichagua kila siku, tena kwa makini sana. Jiwe lisilo na ufa hulia likigongwa. Lenye ufa hutoa sauti butu, nalo huachwa palepale lilipookotwa, kwa sababu jiwe la namna hiyo likipata moto na pigo laweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Ngozi ya mvukuto yapasa iwe laini pasipo tundu, la sivyo pumzi hutoka pembeni na moto hufa. Makaa ya mti mwepesi huwaka upesi na kwisha upesi. Mtoto aliyekaa karibu na baba yake akivuta mvukuto alijifunza mambo hayo kabla hajaruhusiwa kuinua nyundo. Siku alipoinua nyundo alikuwa amekwisha kujua ipi ni nzuri, na siku baba yake alipofariki nyundo ilikuwa yake. Haki, ujuzi na zana vilikuwa kitu kimoja.

Haifai kuusifu utaratibu huo kupita kiasi. Uliwafungia wengi nje, na wale waliokuwa ndani uliwafunga humo humo. Kijana wa Kituri asiyependa moto hakuwa na njia nyingi za kuuepuka, na kijana wa mbari nyingine mwenye mikono myepesi hakuwa na njia ya kuukaribia. Lakini utaratibu huo ulikuwa na sifa moja ambayo tarathibu zilizofuata hazikuwa nayo: haukumtoa fundi mikono mitupu.

RANDA NA MSUMENO

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaanza kubeba bidhaa za ng'ambo katika bandari za Ziwa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza. Musoma, mji wa bandari penye ghuba la Mara, ukapata bidhaa kwa njia ya maji. Bunda, iliyo katika barabara ya Mwanza na Musoma, ikapata kwa njia ya nchi kavu. Wakati wa Wadachi, na zaidi wakati wa Waingereza, jembe la kiwandani lilianza kuuzwa madukani, na mhunzi aliyeishi kwa kufua majembe akapunguziwa kazi. Lakini chuma chakavu kilichoingia pamoja na bidhaa hizo kilimpa kazi nyingine. Akaacha kutazamia chuma cha mbali, akaanza kufua kile kilichotupwa na wengine.

Pamoja na majembe zikaja zana za seremala. Misheni zilihitaji milango, madirisha, mapaa na mabenchi ya shule. Mapadre Weupe walikuwa Nyegina, karibu na Musoma. Waadventista walikuwa Majita na Ikizu. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Mahali pa namna hiyo kijana wa mbari yo yote aliweza kushika msumeno pasipo kuulizwa babu yake alikuwa nani. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko msumeno wenyewe. Mti haukuwa na miiko iliyozunguka chuma, na kwa mlango huo wa mti wengi wakaingia katika ufundi.

Kando ya maji, waunda mitumbwi nao walipata faida. Mbao za mvule, ambazo hustahimili maji, zilipasuliwa shimoni na watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Kazi hiyo yafundisha jambo la kwanza katika kuchagua msumeno. Msumeno wa kupasulia, unaofuata urefu wa mti, una meno yaliyokatwa kama patasi ndogo ndogo. Msumeno wa kukatia, unaopita mti kwa upana, una meno yaliyochongwa pembeni kama visu. Asiyejua tofauti hiyo hununua msumeno mmoja, akautumia kwa kazi zote mbili, kisha akausingizia mti kuwa mgumu. Baada ya mbao kuunganishwa, nafasi zake huzibwa ili maji yasiingie. Na kazi hiyo ina jina la kalafati, neno la wanamaji wa Bahari ya Hindi lililovuka nyika yote na kufika katika maji baridi.

Mwalimu wa tatu alikuwa mgodi. Migodi ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba, iliyo katika nchi ya Butiama, ilifanya kazi wakati wa Waingereza kwa mashine za kuponda mawe. Mashine hizo zilihitaji watu wa kuzifungua, kuzisafisha na kuzifunga tena. Huko watu walizoea jiliwa, tupa, tindo na spana, na huko pia walizoea kazi ya kupima. Mhunzi wa zamani alipima kwa jicho na kiganja. Fundi wa mashine hana ruhusa hiyo, kwa sababu chuma kilichozidi kidogo tu hakiingii mahali pake.

Hivyo kufikia mwaka 1961, wakati wa Uhuru wa Tanganyika, nchi ya Mara ilikuwa na karakana za nyumbani za namna tatu: ya mhunzi aliyerithi, ya seremala aliyefunzwa, na ya fundi wa mashine aliyezoea kazi mgodini au barabarani. Wa kwanza alikuwa na zana kwa sababu ya kuzaliwa. Wa pili na wa tatu walikuwa nazo kama walizinunua. Haki ya kushika zana ilikuwa imefunguliwa kwa watu wote, lakini mlangoni pake palikuwa pamesimama bei.

SHULE NA GHALA

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, katika nchi ya Wazanaki, akaingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934. Alipokuwa Rais alitoa mwezi wa Machi 1967 maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana, ili mtoto asitenganishwe na kazi za watu wake. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kupitisha uamuzi uliojulikana kwa jina la Azimio la Musoma. Azimio hilo lilihimiza elimu ya msingi kwa watoto wote na kuunganisha masomo na kazi. Mwaka mmoja kabla yake, 1973, Bunge lilikuwa limeunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, na katika miaka iliyofuata vikaanzishwa vituo vya ufundi kwa vijana waliomaliza shule ya msingi. Huko Dar es Salaam kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kutoa majembe na plau za nchi yenyewe.

Fikira ilikuwa njema, na Musoma imepata kwa jina hilo nafasi katika historia ya elimu ya Tanzania. Lakini mtu akiitazama fikira hiyo kutoka mlangoni mwa karakana ya Mturi, huona pengo lake mara moja. Katika kituo cha ufundi, randa na misumeno ni mali ya kituo. Jioni huhesabiwa na kufungiwa ghalani. Kijana hujifunza kwa miaka miwili au zaidi, hupewa cheti, kisha hurudi kwao. Na zana alizozizoea hubaki zikimngojea mwanafunzi mwingine. Cheti hakikati mbao. Kijana huyo ana ujuzi ambao mwana wa Mturi alikuwa nao, hata pengine zaidi, lakini hana nyundo ya baba yake. Kama ilivyohama maana ya neno samani, ndivyo na fikira za watu zilivyohama: kiti alichokitengeneza mwanafunzi kilionyeshwa siku ya sherehe na kusifiwa, wala hakuna aliyeuliza atatengeneza cha pili kwa chombo gani.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilifuatwa na miaka ya uhaba mkubwa wa bidhaa. Hata misumari na tupa zilikuwa adimu. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilimtaka kila mtu awe na kazi inayotambulika, nayo ikawa sababu ya kuzitambua kazi nyingi ndogo zilizokuwa zikifanywa uani na kando ya njia. Katika taabu hiyo njia ya mhunzi ilithibitika tena. Springi ya gari lililokufa ilikatwa na kufuliwa ikawa patasi. Kipande cha reli kikawa fuawe. Nondo ikapindwa ikawa koleo. Aliyejua kufua hakukosa zana, na aliyejua kununua tu alikaa bila kazi.

Tena hapo palihitajika kuchagua, maana si kila chuma kilichotupwa ni sawa. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha. Ikipashwa moto mpaka iwe nyekundu na kuzamishwa, katika mafuta au majini, huwa ngumu, na ikipashwa tena kidogo mpaka uso wake upate rangi ya majani makavu, hushika makali pasipo kuvunjika kama kioo. Nondo ya kawaida ya kujengea ina kaboni chache; hata ikizamishwa mara kumi haitakuwa patasi. Mhunzi asiyejua neno kaboni alijua jambo hilo kwa kusikiliza mlio wa chuma na kutazama cheche zake. Msomi ajuaye neno hilo, asipojua cheche, hawezi kumfundisha.

DUKA NA UMEME

Kuanzia mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na madukani zikaanza kuonekana tena zana za kila namna. Baadaye Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulianza kazi ya kupeleka umeme vijijini. Mashine ya kuchomelea, keekee ya umeme na mashine ya kukatia chuma zikaingia katika nyua ambazo zamani hazikuwa na zaidi ya tezo na msumeno. Milango ya chuma yenye maua, ionekanayo leo katika nyumba nyingi za Musoma na Bunda, ni kazi ya mashine hizo.

Sasa shida imegeuka. Zana zipo, nazo nyingi ni za bei nafuu. Lakini kati ya nafuu na rahisi pana tofauti ambayo Kiswahili kinaijua vema, maana rahisi huwa ghali. Randa yenye bapa la chuma laini hung'aa dukani kama nyingine, ila baada ya ubao mmoja huwa butu. Nyundo iliyomiminwa vibaya hupasuka ukingoni. Mashine ya kukatia chuma huzunguka mara elfu kumi au zaidi kwa dakika, na jiwe lake lisilo la kasi hiyo laweza kuruka vipande vipande. Ndiyo sababu kinga ya mashine na miwani ya kukinga macho ni zana kama zana nyingine, wala si pambo. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi wenye sumu, na fundi mwenye busara hulisafisha kwanza au hufanyia kazi yake penye upepo. Mambo hayo duka halifundishi. Mwenye duka huuza. Hana sababu ya kukaa na mnunuzi akimwonyesha cheche.

Ukitazamwa mwendo wote huo, mafundi wa Mara wameacha nyuma yao kanuni chache za kuchagua ambazo hazikuandikwa. Ya kwanza ni kwamba zana za mwanzo ziwe zile zinazotengeneza na kunoa nyingine. Nyundo, tupa na kinoo hutangulia, kwa sababu msumeno usio na tupa una uhai mfupi, na patasi isiyo na kinoo ni kipande cha chuma tu. Ya pili ni kwamba kazi itangulie zana. Mturi hakuwa na chombo ambacho hakikuwa na kazi. Seremala naye afanya vema akianza na kazi zile ambazo majirani huzileta mlangoni pake, kama vile mipini, milango na vitanda, akaongeza zana kila kazi mpya inapomlazimisha. Ya tatu ni kwamba kinachoweza kutengenezwa nyumbani kisinunuliwe. Meza ya seremala, mpini, hata mwili wa randa ya mti, vyote vyaweza kufanywa na mwenyewe. Fedha zibaki kwa ajili ya bapa, tupa na vipimo, ambavyo havitengenezeki uani. Ya nne ni kwamba zana hununuliwa kwa mkono na sikio. Shoka hupimwa kwa kuinuliwa, msumeno kwa kupindwa na kuachwa urudi, na chuma kwa kugongwa.

Mtu aweza kusema kwamba kanuni hizo ni akili ya kawaida. Ni kweli, lakini akili ya kawaida nayo hurithiwa, na penye kukatika urithi nayo hukatika. Kijana mwenye cheti asiye na zana, na kijana mwenye zana asiye na mwalimu, ni watu wawili waliogawana fungu la mtu mmoja. Jambo la maana si kurudisha miiko ya mbari, ambayo hakuna sababu ya kuitamani, bali kurudisha lile fungo lililofunga ujuzi na zana pamoja. Katika sehemu nyingi fundi mzee humpa mwanafunzi wake zana kuu kuu siku ya kuagana. Desturi hiyo ndogo yafanya kazi ambayo maazimio makubwa hayakuikamilisha.

MAJINA YANAYOPOTEA

Kwa wanafunzi wa lugha limebaki jambo moja. Kamusi za Kiswahili zimehifadhi vizuri majina ya zana za pwani. Za bara zimehifadhiwa kidogo, na za mbari za wahunzi kidogo zaidi, kwa sababu zilisemwa motoni na watu waliokaa mbali na wengine. Kila sehemu ya mvukuto ina jina lake, na kila hali ya chuma motoni, tangu kinapoanza kuiva mpaka kinapokaribia kuungua, ina neno lake. Na mwenye maneno hayo akiondoka huondoka nayo.

Mfano wa kufuatwa hauko mbali. Ng'ambo ya Kisorya, katika wilaya ya Bunda, kivuko huwachukua watu mpaka Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza, katekista aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu kilikaa miaka mingi bila kuchapwa, mpaka kilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, kwa tafsiri ya mwandishi mwenyewe. Kitereza alitaka mambo ya watu wake, kazi zao za nyumbani pamoja nayo, yasisahauliwe na wajukuu. Nchi ya Mara yahitaji kazi ya namna hiyo juu ya karakana zake: mtu wa kukaa kando ya moto pamoja na wazee wa Kituri waliosalia, kuandika jina la kila chombo, na kuandika pamoja nalo jinsi chombo kile kinavyochaguliwa. Maana jina la zana lisilo na habari ya kuichagua ni kama randa iliyofungiwa ghalani, ambayo ipo katika hesabu na haipo kazini.